Jumla Ndogo

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Niliijazia kwenye kibanda cha stesheneri cha Mbwego,
mia mbili kwa ukurasa, kudurufu mbali,
na umeme ukikatika tunaanza upya.

Mkoa: Tanga. Kata: Makorora.
Jina la kikundi: Mbiu.
Mwaka wa kuanzishwa: hapo tulibishana.
Kibwana anasema ni mwaka ule upepo uling'oa bati za soko.
Mwanakheri anasema sivyo, ni baadaye,
alikuwa na mimba ya Mashavu, anakumbuka alivyochezea kwa tabu.
Tukaandika mwaka wa cheti.
Cheti hakina mimba.

Kifungu cha nne: elezeni tatizo.
Mkono wangu ulilelewa kwenye mizani, ukaandika wenyewe:

*Ngoma kuu mepasuka, sauti yake ni ndoto,*
*Pazia limechanika, wachungulia watoto,*
*Hata rangi zakauka, brashi zageuka fito,*
*Wahisani mkitaka, tupulizieni moto.*

Mbwego alicheka mpaka akajifuta machozi kwa karatasi ya mteja.
"Dada, hawa wanataka uwezeshaji."
Nikafuta. Nikaandika uwezeshaji mara tatu,
kama mtu atiaye chumvi mchuzi asioujua.

Matokeo yanayopimika.
Kibwana huipima ngoma kwa moto wa makumbi:
anaisogeza, anagonga kwa kidole,
anangoja, anagonga tena,
mpaka ngozi iitike.
Nikaandika: wanufaika mia nne na hamsini.
Hao ni wa kwenye mikeka.
Waliopanda ukuta wa madrasa sikuwahesabu,
walikuwa hawatulii.

Bajeti.
Ngozi ya ng'ombe, mbili.
Mzinga wa mfenesi.
Nauli ya Kibwana, Muheza, kwenda na kurudi.
Rangi, makopo saba.
Posho ya Mwanakheri, aliyetunza mavazi miaka tisa
chini ya kitanda chake, bila kudai hata naftalini.
Jumla ndogo: milioni mbili, laki tatu na arobaini elfu.
Jumla kuu: hiyo hiyo.

Jibu likaja tukiwa tumeshaacha kuulizana.
Tunafurahi kuwajulisha.
Ngozi, hapana: muuzaji hana mashine ya risiti.
Nauli, hapana. Rangi, mwaka ujao.
Posho haimo kwenye sera.
Yaliyopita: bango, mita sita kwa tatu,
fulana thelathini, maji ya chupa kwa wageni.
Laki sita na ishirini elfu,
ziishe kabla ya tarehe thelathini Juni.

Tukazimaliza. Mkono mtupu haulambwi.
Siku ya uzinduzi, uwanja wa shule,
bango likapepea jina la mfuko kwa buluu,
na sisi kule chini, herufi za ukubwa wa siafu.
Wageni walipiga picha. Maji yalikuwa baridi, kwa kweli.
Ngoma ilikohoa, wakapiga makofi.

Wakati wa kukunja, Mashavu akalitandaza kifudifudi
ili alivingirishe.
Mgongo wake mweupe. Mita kumi na nane za mraba.
Akasimama pale na fulana yake inayomfika magotini.
"Mama," akasema, "hili halijachanika."

Rangi tulipewa na Mhina anayeandika vibao vya bucha,
ndiyo maana mbingu yetu ina wekundu kidogo.
Wakachora mtaa: duka la mkaa, mama wa bajia,
nguzo ya umeme iliyolalia kushoto,
na ukuta wa madrasa na watoto wote juu yake.
Nikawahesabu. Thelathini na wanane.

Taa ikiwaka kwa nyuma, jina la mfuko
hutokeza kinyumenyume,
likapita katikati ya karai la bajia.
Watazamaji wamelizoea.
Wanadhani ni moshi.

Leo najaza ripoti, kwa Mbwego tena, sasa ni mia tatu.
Elezeni matumizi ya bango, maneno yasizidi kumi.
Nimeandika: limetumika pande zote.
Saba nimeyaweka.
Ngozi Muheza imepanda bei.